Dakika Tisa za Mama Anaeli

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Wagonjwa wanane kwenye orodha, tumewapiga picha watano. Watatu nimewarudisha nyumbani. Mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Ni mimi niliyewaambia. Baraka, mwenzangu kwenye chumba cha MRI, wakati huo ukifika huwa anajifanya anatafuta faili.

Kichwa, dakika thelathini. Mgongo, dakika arobaini. Ndivyo mashine ilivyopangwa siku ilipofungwa hapa, na hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Wa mwisho leo alikuwa mama mmoja kutoka kule juu Meru. Mkulima, kahawa na ndizi. Anatembea kwa fimbo huku akimwegemea binti yake Anaeli, kwa hiyo mimi namwita Mama Anaeli. Miguu ilianza kufa ganzi kabla ya Pasaka. CT imeonyesha pingili mbili za mgongo zimeliwa, lakini haionyeshi vizuri kinachobana uti. Daktari wa mifupa anataka MRI ndipo ajue afanye nini. Shida ni kifua. Miaka ya moshi wa jikoni. Akilala chali anakosa pumzi.

Alivumilia dakika kumi na moja, kisha akabonyeza mpira wa kuita. Picha zote zimetikisika, hazisomeki. Nikaandika kwenye fomu: *Mgonjwa hakuweza kutulia.* Nikasaini.

Sijaipenda hiyo sentensi. Kana kwamba kosa ni lake.

Jumanne, 3 Juni

Sita kati ya tisa. Kiuno kinaniuma. Sina la kuandika.

Jumatatu, 9 Juni

Mama Anaeli amerudi. Safari hii kwa kiti cha magurudumu. Wiki moja tu. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia akicheka, akaomba radhi kwa kunisumbua mara ya pili. Yeye ndiye anayeomba radhi!

Tulimwekea mito, tukainua kifua kidogo kadiri tundu la mashine linavyoruhusu. Dakika kumi na tatu. Akaanza kukohoa, akashindwa kujizuia. Picha ni zilezile, za kutikisika.

Nilimwambia, kwa upole niliodhani ni upole, ajitahidi kulala tu bila kujitingisha. Akanishika mkono.

"Mwanangu, kulala naweza. Kulala bila kupumua ndiyo siwezi."

Nikamsaidia kukaa.

Daktari wa usingizi amekataa kumlaza kwa dawa. Kwa kifua kile, anasema, anaweza asiamke. Dk. Lomayani, mkuu wa idara yetu na ndiye anayesoma picha zote, akasema wampeleke hospitali nyingine yenye mashine kubwa na vifaa vya kumsaidia kupumua. Anaeli akauliza atasafirije, saa na saa amelala, wakati hapa dakika kumi zinamshinda.

Wameondoka bila kipimo. Nimeandika sentensi ileile kwenye fomu. Najichukia.

Alhamisi, 12 Juni

Mchana sikwenda kula. Nilikaa na kitabu cha mashine, lile lidude nene linalozuia mlango wa stoo usijifunge. Mimi nimesomea mionzi, si uhandisi, na nusu ya kitabu sikuielewa. Lakini nimeelewa hili: mashine yetu inakusanya picha mstari kwa mstari, na kila mstari inaurudia mara tatu ili picha isiwe na chenga. Mara tatu! Wakati koili ya mgongo tuliyonayo, kile kifaa cha kunasia picha anacholalia mgonjwa, ina nguvu kuliko ile ya zamani iliyofanya watu wapange hivyo. Halafu kuna njia ya kuruka mstari mmoja na kuchukua mwingine. Vipande vya koili, kwa kuwa ni vingi na kila kimoja kinaona kutoka upande wake, vinasaidiana kujaza pengo.

Iko humo ndani. Imekuwamo miaka yote. Ni kuiwasha tu.

Nilimwonyesha Dk. Lomayani. Hakunyanyua kichwa.

"Eliaichi, picha mbaya ya haraka ni mbaya kuliko kukosa picha. Ukikosa picha unajua hujui."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilitoka nimenuna kama mtoto.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya mapumziko, lakini Baraka alikubali kuja. Alilala kwenye mashine, nikampiga kwa mpangilio wa zamani, kisha nikabadilisha mipangilio. Kwanza nilipunguza kurudia. Chenga kidogo. Nikawasha ile ya kuruka mistari. Nikapunguza seti za picha kutoka sita hadi tatu, zile tu zinazojibu swali. Mgongo mzima, dakika tisa!

Nilihesabu pingili zake zote. Uti umekaa katikati, mweupe ukingoni, safi. Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Baraka akauliza kwenye spika kama kuna kitu kimelipuka.

Nimempigia Anaeli kumwambia kuna njia ya dakika tisa, asikate tamaa. Nadhani sikupaswa, maana sina ruhusa ya mtu. Lakini nimefurahi mno leo, siwezi kujizuia.

Jumatatu, 16 Juni

Orodha ilikuwa ndefu. Watu wamejaa mpaka kwenye korido. Dereva mmoja wa bodaboda wa Sombetini, goti limevimba baada ya kuanguka, alikuwa na wasiwasi wa kuacha pikipiki kwa mwenzake. Nikafikiri, kwa nini nisitumie ile njia ya haraka? Nikaiwasha kwenye goti. Tena nikaongeza, badala ya kuruka mstari mmoja nikaruka mitatu. Dakika nne, ameshuka. Sikumwambia Dk. Lomayani. Sikumwambia hata Baraka.

Tumemaliza wagonjwa wote wanane. Nilijiona mjanja sana.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya kuliko zote tangu nianze kazi.

Dk. Lomayani aliniita, akafunga mlango. Kwenye skrini lilikuwa goti la yule dereva. Mstari mweupe umekatiza gegedu katikati, wazi kabisa. Akaniuliza naona nini. Nikasema gegedu limechanika. Akasema naye aliona hivyo, na alikuwa ameanza kuandika ripoti, mpaka alipotazama pembeni ya picha akauona mstari uleule umetoka nje ya goti, umepita hewani.

Mstari wa uongo. Mashine imebuni. Koili ya goti ni ndogo, ina vipande vichache, haiwezi kujaza mapengo niliyoyaacha mimi.

"Ripoti yangu ingempeleka huyu bwana kwenye kisu," alisema. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Amepiga marufuku. Hakuna kubadilisha chochote. Nimrudishe mgonjwa na nimpige upya kwa njia ya zamani, na nimweleze mwenyewe kwa nini.

Nilikwenda stoo nikalia. Silii kwa sababu ya kugombezwa. Nalia kwa sababu alikuwa sahihi.

Jumatano, 18 Juni

Yule dereva amekuja. Nilimweleza yote, kwamba nilitaka kuharakisha, kwamba nilikosea, kwamba picha ya kwanza haifai. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema:

"Sasa dada, kibovu ni goti langu au mashine yenu?"

Nikamwambia kibovu nilikuwa mimi. Akacheka, akapanda mezani. Dakika thelathini na mbili. Gegedu zima kabisa, kuna maji tu kwenye goti. Amepewa dawa na mapumziko.

Nimepona, na yeye amepona. Lakini usiku wa jana sikulala vizuri, na leo najua sitalala.

Ijumaa, 20 Juni

Anaeli alinisubiri nje ya mlango asubuhi. Mama yake amelazwa wodini tangu jana. Miguu haisikii kabisa. Mkojo unatoka wenyewe. Daktari wa mifupa amemwambia wazi: uti ukibanwa hivi siku nyingi, hata ukifunguliwa, miguu haitarudi. Na hataki kufungua mgongo gizani, bila kujua kama ni uvimbe wa saratani au usaha, wala umepanda mpaka wapi.

Anaeli aliniuliza, "Dada, ile ya dakika tisa uliyoniambia kwenye simu, iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwahidi mtu kitu ambacho hakikuwa changu.

Nilikwenda kwa Dk. Lomayani. Sikubishana, nilimweleza tu hali ya mama na kumwekea mezani picha za mgongo wa Baraka, za mpangilio mrefu na za mfupi. Nikamwambia la goti nilikosea kwa sababu nilitumia bila kupima na bila kumwambia mtu. La mgongo nilipima. Kisha nikatoka.

Saa kumi jioni alikuja chumba cha mashine. Akasimama mlangoni.

"Kesho asubuhi saa mbili. Na Baraka awepo. Nitalala mimi."

Jumamosi, 21 Juni

Naandika haya ili nisije nikasahau hata kidogo.

Dk. Lomayani amesoma picha za MRI miaka yote hii. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kulala ndani ya mashine. Ni mtu mkubwa, mabega mapana, mezani amejaa. Tulimpa mpangilio wa zamani, dakika arobaini kamili. Alisema hataki nafuu, apewe kama wanavyopewa wagonjwa.

Dakika ya tano, kimya. Ya kumi, akauliza bado ngapi. Ya kumi na tano, akauliza tena. Mashine inagonga gonga gonga. Dakika ya kumi na tisa akabonyeza mpira.

Tulimtoa. Shati limelowa mgongoni, baridi hii yote. Alikaa ukingoni mwa meza akipepesa macho. Kifua chake ni kizima, miguu yake ni mizima.

"Kumbe ndivyo tunavyowafanyia watu," akasema.

Baraka akamletea maji.

Alikunywa maji, akalala tena. Safari hii kwa ule mfupi. Dakika tisa, hakuuliza chochote. Halafu, kwa ukaidi wake, akarudi kwenye ule mrefu na kuumaliza, amekunja ngumi, ili tupate vya kulinganisha. Kisha Baraka akafuta majina na muda kwenye picha zote, za daktari na za Baraka mwenyewe, akazichanganya, akampa azisome bila kujua ipi ni ipi. Mimi nilitolewa nje. Nilizunguka jengo mara sijui ngapi.

Aliponiita alikuwa amevua miwani. Picha aliyosema ni safi zaidi, ya mgongo wake mwenyewe, ilikuwa ya dakika tisa. Kwa sababu kwenye ile ndefu alikuwa amechoka na amejitingisha.

Hakusema nilikuwa sahihi. Alichukua karatasi akaandika masharti. Mgongo tu kwa sasa. Kuruka mstari mmoja, basi, isizidi. Seti muhimu kuliko zote ianze, ili mgonjwa akishindwa katikati tuwe tumepata kitu. Kila picha ya haraka aitazame yeye kabla mgonjwa hajashuka mezani. Goti na viungo vingine, hapana, mpaka tupime hivihivi. Akasaini. Nami nikasaini chini yake.

Ni masharti mazuri. Ningekuwa na akili wiki iliyopita ningeyaandika mwenyewe.

Jumatatu, Mama Anaeli wa kwanza.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Mume wangu ameniuliza mara mbili nina nini. Nikamwambia kesho nitamwambia.

Naogopa. Kama na hii ikishindikana hakuna nyingine.

Jumatatu, 23 Juni

Walimleta kwa machela. Amekonda tangu nilipomwona. Ila uso ni uleule, wa mtu anayekaribisha wageni kwake.

Nilimweleza kabla hajaingia. Seti tatu. Kila moja dakika tatu. Kila ikiisha nitamwambia, apumzike, akohoe kadiri anavyotaka, kisha tuendelee. Mara mbili za kwanza hatukumwambia hata muda. Tulimwambia tu atulie mpaka tuseme basi. Nani anaweza kutulia bila kujua mpaka lini?

Anaeli tulimkagua, akavua hereni na saa, tukamwacha aingie naye. Alisimama miguuni, akamshika vidole vya mguu ambavyo mama hasikii. Akawa anamsemesha Kimeru. Mimi ni wa Machame, nilidaka maneno machache tu. Nadhani alikuwa anamsimulia habari za ng'ombe.

Seti ya kwanza. Dk. Lomayani amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Baraka anatazama kipimo cha hewa ya mgonjwa. Dakika moja. Mbili. Kifua kinapanda na kushuka kwa shida lakini mgongo umetulia. Tatu.

"Mama, kohoa sasa."

Alikohoa kama mtu aliyeshikilia tangu mwaka jana. Tukasubiri. Nikamuuliza kama tuendelee. "Endelea, mwanangu."

Seti ya pili. Picha za kwanza zilikuwa zinafunguka kwenye skrini. Sikuthubutu kutazama. Dk. Lomayani akaweka mkono begani kwangu, akasema taratibu, "Tazama."

Safi. Safi kabisa. Pingili mbili zimeliwa, na katikati yake mfuko umejaa, umesukuma uti nyuma mpaka umekuwa mwembamba kama uzi. Mfuko wenye ukingo laini, umeteremka pembeni ya mgongo.

"Huu ni usaha," akasema. "Sidhani kama ni saratani. Hii ni TB ya mgongo."

Seti ya tatu, ile ya kukata slesi slesi kama mkate, ndiyo itakayomwonyesha daktari wa mifupa pa kupita. Katikati mama alianza kukohoa. Akajizuia. Sijui alijizuiaje. Sekunde ishirini zilizobaki niliziona zote, moja moja.

Imeisha.

Tulipomtoa alikuwa analia na kucheka. Aliuliza kama safari hii ametulia vizuri. Nikamwambia ametulia kuliko daktari wangu. Dk. Lomayani alisikia, hakukana.

Kwenye fomu niliandika: *Kipimo kimekamilika.*

Jumanne, 24 Juni

Anapasuliwa Alhamisi. Leo nimepiga picha migongo minne na vichwa vitatu. Vichwa bado dakika thelathini. Ni sawa. Zamu yao itafika.

Alhamisi, 26 Juni

Walimwingiza saa tatu. Wataalamu wawili wa usingizi, na mashine ya kupumua ya chumba cha upasuaji, ile ambayo kwetu haiwezi kuingia kwa sababu ya sumaku. Ametoka saa nane mchana. Anapumua mwenyewe. Usaha umetolewa, sampuli imepelekwa maabara. Daktari wa mifupa anasema alijua pa kuingilia tangu kisu cha kwanza.

Miguu bado.

Jumatatu, 30 Juni

Maabara wamethibitisha. TB. Ameanza dawa. Ni miezi mingi ya vidonge, lakini ni ugonjwa wenye dawa. Anaeli ameniambia alikuwa ameshajiandaa kwa neno lile lingine, hata kulitamka hakuweza.

Miguu bado. Nimepita wodini baada ya kazi, nikamkuta anamwelekeza muuguzi jinsi ya kukata migomba.

Alhamisi, 3 Julai

Kidole gumba cha mguu wa kushoto!

Anaeli alikuja mbio mpaka mlangoni kwetu, muuguzi anamfuata akimgombeza asikimbie koridoni. Nikamwacha Baraka na mgonjwa, nikaenda. Mama alikuwa amekunja uso, anakitazama kidole kama anayekitisha. Kikasogea. Kidogo tu. Kisha tena.

Nilikaa kwenye kitanda cha jirani bila hata kuomba. Mzigo niliokuwa nao tangu mwezi uliopita ulinishuka, nikahisi njaa. Njaa kali. Nilikwenda kantini nikala ndizi nyama sahani mbili.

Jumatatu, 14 Julai

Leo migongo sita, na orodha yote imeisha saa tisa. Hatukumrudisha mtu. Muuguzi wa mapokezi alikuja kuuliza kama mashine imeharibika, mbona benchi ni tupu.

Jumamosi iliyopita tulipima vichwa. Dk. Lomayani alilala tena, kwa hiari. Mmoja wa mipangilio mipya aliukataa, una chenga karibu na sikio. Niliona ana haki. Tumeutupa. Miwili ameipitisha.

Mama Anaeli anakaa mwenyewe sasa. Jana alisimama akishikilia watu wawili. Magoti yanamcheza. Daktari anasema atatembea, pengine kwa fimbo. Yeye anasema fimbo alikuwa nayo hata kabla.

Ijumaa, 25 Julai

Manyunyu asubuhi, jua mchana. Mama Anaeli ameruhusiwa juzi. Sikuwepo, nilikuwa kwenye zamu nyingine. Ni sawa.

Leo saa tatu aliletwa mtoto wa kike, miaka saba, kutoka Makumira. Degedege. Zamani tungemtafutia dawa ya usingizi, na kuahirisha, na kuahirisha tena. Nilimweleza kwamba mashine ina kelele kama ya watu wanaopiga bati, na kwamba ataisikia mara tatu tu. Akaingia na baba yake ameshika kiganja chake.

Hakutikisika. Tulipomvuta nje alibaki amelala vilevile, macho kayafumba, ananyamaza kama alivyoagizwa.

"Umemaliza," nikamwambia.

Akafungua jicho moja. "Tayari?"

"Tayari."

Akaketi, akatafuta viatu vyake, akamuuliza baba yake kama wanaweza kurudi shule kabla ya uji. Wakatoka. Nikabadilisha shuka, nikamwita anayefuata.